Matetemeko ya Julai 2007

Mwezi Julai 2007 nilikuwa Arusha, ardhi ikitikisika siku baada ya siku, na usiku mmoja tulikaa uani hadi alfajiri, mama akiwa amemfunika mdogo wangu kwa kanga. Mlima Ol Doinyo Lengai ulipolipuka Septemba, nilidhani ni jambo jingine kabisa.

Baadaye nilijifunza kwamba bamba la Nubia na bamba la Somalia, vipande viwili vikubwa vya tabaka gumu la juu la dunia, yanaachana kwa milimita chache tu kila mwaka, na kwamba mvutano huo, ambao ndio uliolifanya Bonde la Ufa, huinyoosha na kuipasua miamba hadi magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ikapata njia ya kupanda. Mwaka ule, karibu na Ziwa Natron, magma ilijipenyeza ardhini bila kufika juu, huku miamba ikiteleza kwenye nyufa zake na kututikisa sisi tuliokuwa takriban kilomita 100 kutoka hapo.

Mwaka jana niliupanda Lengai, volkano pekee duniani inayotoa lava ya kaboneti, madini ya jamii ya magadi, siku hizi. Hutoka nyeusi, kisha hugeuka nyeupe ikikutana na unyevu wa hewa. Niliishika ile iliyopoa, nikaukumbuka usiku ule wa uani.