Carnegie hakuanza na ziro, alianza na Mama Margaret

Kuna ile klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, jamaa kavaa suti yake anasema Andrew Carnegie alianza na ziro, akalipwa dola 1.20 kwa wiki kiwandani, baadae akawa tajiri wa kutisha wa viwanda vya chuma Marekani, kwaiyo wewe unalalamika nini. Hiyo dola 1.20 ni kweli kabisa. Hiyo ziro ndo mi nina shida nayo, maana ukiingia ndani ya maisha ya ile familia unamkuta mwanamke mmoja kila kona, na kwenye klipu hayupo hata sekunde moja.

Carnegie kazaliwa Dunfermline, Uskoti, 25 Novemba 1835. Baba yake William alikuwa mfumaji wa kitani, anafuma kwa mkono vile vitambaa vya meza vyenye maua, chini mtambo, juu familia inalala. Zikaingia mashine za mvuke, oda zikakata. Mzee alikuwa mpole, anapenda kusoma na yumo kwenye siasa za kudai watu wa chini wapige kura, ila maisha yakimbana anajikunyata tu. Mkewe Margaret Morrison hakuwa wa hivyo. Alifungua kaduka pale nyumbani na jioni anashona viatu, kazi aliyoijua toka utotoni kwa sababu baba yake alikuwa fundi viatu (na mchochezi wa siasa maarufu pale mjini, familia nzima ya Morrison ilipigwa marufuku kukanyaga shamba la bwanyenye mmoja linaitwa Pittencrieff, shikilia hilo). Mwaka 1848 hali ikawa mbaya, vitu vya ndani vikauzwa bei ya kutupa na bado nauli haikutosha, Margaret akakopa pauni 20 kwa rafiki yake, wakapanda meli Glasgow, baba, mama, Andrew wa miaka 12 na mdogo wake Tom ambaye hata miaka mitano sidhani kama alikuwa ameivuka. Wakafikia Allegheny, ng'ambo ya mto ukitokea Pittsburgh, kwa sababu dada zake Margaret walishatangulia huko. Yani hata pa kufikia ni upande wa mama.

Marekani mzee akaingia kiwanda cha pamba pamoja na Andrew, akashindwa, akarudi kwenye mtambo wake wa kufuma, anatengeneza vitambaa anavitembeza nyumba kwa nyumba. Margaret akapata kazi ya kushona viatu kwa jirani yao mzee Phipps, kama dola 4 kwa wiki. Carnegie mwenyewe ameielezea, mama kakaa chini anashona, Tom kakaa magotini pake anamtungia uzi kwenye sindano na kuupaka nta. Sasa huyo mzee Phipps alikuwa na mtoto anaitwa Henry, ambaye baadae akawa mshirika mkubwa wa Carnegie kwenye chuma na tajiri wa kutupwa na yeye. Watu wanaita konekshen, mi naona ni viatu vya mama.

Andrew akatoka kiwandani akawa tarishi wa telegrafu, anakimbiza barua za simu mitaani Pittsburgh, akajifunza kusoma zile alama kwa sikio tu bila kusubiri karatasi, na mwaka 1853 kampuni ya reli ya Pennsylvania ikamchukua kwa dola 35 kwa mwezi. Kuna siku kikazi alikutana na baba yake kwenye boti ya mtoni, mzee anaenda kuuza vitambaa vyake, na kumbe kakata tiketi ya kulala nje sitahani kwa sababu hela ya chumba hana. Iliniumiza hata mimi niliyesoma, sembuse Andrew mwenyewe. Akamwahidi kwamba haitachukua muda baba na mama watapanda gari lao wenyewe la farasi. Mzee hakuliona hilo gari, alifariki 1855.

Kwa hiyo mwaka 1856 bosi wake wa reli, Thomas Scott, anapomwambia kuna hisa 10 za Adams Express, kampuni ya kusafirisha mizigo, zinauzwa, hela kama dola 500, nyumbani wamebaki na mama mjane na nyumba waliyotoka kuilipia kwa jasho. Kama Carnegie mwenyewe anavyosimulia, Margaret akasema nyumba iwekwe rehani. Akapanda boti akaenda mwenyewe Ohio kwa kaka yake kulishughulikia. We fikiria mama yako amekaa miaka anashona viatu mpaka kapata paa, halafu unamletea habari ya makaratasi anayoyasikia kwako tu. Gawio la kwanza lilikuja hundi ya dola 10, na Carnegie anasema hapo ndo alishika hela ya kwanza maishani ambayo hakuitolea jasho. Yaliyofuata mnayajua, madaraja ya chuma, halafu kile kiwanda cha chuma cha pua cha Braddock mwaka 1875.

Ila malipo ya mama yalikuwa makubwa jamani. Andrew na Margaret walihamia New York 1867 wakaishi hotelini, yeye na mama yake, miaka na miaka. Tom ndo aliachwa Pittsburgh anaendesha viwanda, na habari zake utazitafuta kwa tochi. Mwaka 1881 Andrew alimtembeza mama Uingereza nzima kwa gari la farasi wanne, toka Brighton kupanda mpaka Uskoti, wakaingia Dunfermline watu wamejaa barabarani, na Margaret akaweka jiwe la msingi la maktaba ya kwanza ya mwanae. Mji ule ule waliotoka na deni. Mi hapo nilifurahi kama ndugu yao.

Lakini Andrew alikuwa ameshamwahidi mama kwamba hataoa mama akiwa bado hai. Kulikuwa na dada anaitwa Louise Whitfield, walikuwa wanapanda farasi wote Central Park, uchumba ukawa wa siri, unavunjika unarudi. Mpaka Oktoba 1886 Tom akafa kwa nimonia, kaacha mke na watoto tisa, na wiki chache baadae mama naye akafa huko Cresson, wakati Andrew yuko chumba kingine kalala na taifodi. Inasimuliwa jeneza lilishushwa kwa dirishani ili asilione. Aprili 22, 1887 akamwoa Louise, bwana harusi miaka 51, bibi harusi 30, na Louise alisaini kabisa kwamba hatadai urithi maana hela karibu yote ingegawiwa, yeye atapata kipato cha dola 20,000 kwa mwaka. Binti yao wa pekee alizaliwa 1897. Jina? Margaret, hata msiulize.

Sasa nisimpambe sana. Julai 1892 kule Homestead wafanyakazi wake walifungiwa nje ya kiwanda wakigombea mshahara na chama chao, meneja wake Frick akaleta walinzi 300 wa Pinkerton, kampuni binafsi ya ulinzi, kwa matishari ya mtoni, risasi zikalia, wakafa watu wasiopungua 10. Carnegie alikuwa Uskoti mapumzikoni. Miaka sita kabla alishaandika makala akitetea haki ya wafanyakazi kuwa na vyama! Na Allan Pinkerton aliyeanzisha ile kampuni naye alikuwa Mskoti mhamiaji, kijana wa Glasgow aliyekimbia 1842 kwa sababu ya harakati zile zile za kura walizokuwemo akina Morrison. Watoto wa wanaharakati wawili ndo wanakutana hivyo, bunduki kwa wafanyakazi. Sijui babu Morrison angeipokea vipi hiyo.

1901 akauza kila kitu kwa J.P. Morgan, mwenye benki mkubwa wa New York, kwa dola milioni 480, akaanza kugawa. Pittencrieff ile aliyokatazwa utotoni aliinunua 1902 akawapa watu wa Dunfermline iwe bustani ya wote, kwa kweli hicho ni kisasi kitamu kuliko vyote alivyofanya. Maktaba zikapita 2,500. Binti Margaret aliolewa Aprili 22, 1919, tarehe ya ndoa ya wazazi wake, na Agosti mzee akafariki akiwa na miaka 83.

Hela yenyewe iliendelea kutembea mpaka ikafika huku kwetu. Shirika lake, Carnegie Corporation, ndo lilisaidia kuanzisha Jeanes School pale Kabete, Kenya, mwaka 1925, chuo cha walimu wa vijijini, na wale walimu walikuwa wanaenda na wake zao na watoto, mke naye ana masomo yake. Siku hizi pale ni Kenya School of Government, ukipita Lower Kabete unaiona.