Mdudu wa Oktoba hafuati msosi wako, anafuata ukuta wako

Nipo Tanga likizo wadau, na kila jioni nikikaa barazani Ngamiani na wazee wa kahawa lazima mmoja anirushie lile swali, ati nyie wa Marekani mnafaidi, hamna mbu hamna mende. Nacheka tu. Mbu wapo kipindi cha joto, na mende nenda kwenye maghorofa ya zamani ya miji mikubwa utawakuta wamejaa tele, lakini mie naishi Pennsylvania na kule ishu yenyewe ni Oktoba.

Huku kwetu mdudu anafuata mvua na chakula. Vuli ikianza kupiga kumbikumbi wanajaa kwenye taa, unazima, asubuhi unafagia mabawa kuku wanafaidi, imeisha hiyo. Siafu wakiingia unawapisha, wanamaliza mende na panya kisha wanaondoka zao, marehemu bibi alikuwa akisema hao ndo wageni wenye adabu. Sasa yule wa kule akija mwezi wa 10 hana habari na sukari yako wala sufuria lako chafu, hali kitu, hazai humo ndani, hang'ati, yeye siku zimeanza kufupika na usiku baridi inabisha hodi, anatafuta ufa alale mpaka barafu ipite. Ndo maana nyumba safi na nyumba chafu wote wanavamiwa sawa, tena ukuta unaopigwa na jua la mchana ndo wanaupenda zaidi, utawakuta wametanda pale kama wanaanika nguo.

Bingwa wao anaitwa stinkibagi. Wa kahawia, ana umbo la ngao, urefu haufiki sentimita mbili, na vipapasio vyake vya kichwani vina pete nyeupe. Siyo wa pale, katokea huko China na Japan na Korea, na mahali pa kwanza kuonekana Marekani ni Allentown, hapohapo Pennsylvania, miaka ya 1990 mwishoni. Mashambani ni balaa, mwaka 2010 peke yake wakulima wa matufaha (apple) wa majimbo ya upande ule walipata hasara ya dola milioni 37. Nyumbani kwako hana hasara hiyo, ila ukimkanyaga anatoa harufu, na harufu yenyewe ni ya kotmiri, siyo utani, kemikali moja inayonuka kwake ipo pia kwenye majani ya kotmiri, kwa hiyo sie tuliokulia kwenye kachumbari inatuchanganya kidogo. Rafiki yangu mmoja wa Mombasa tuliyekuwa tunakaa naye hataki tena kuiona kotmiri kwenye sahani.

Mzee mmoja pale barazani akasema, "Sasa mwanangu, si unapuliza dawa tu ukamalizana nao?" Hapo mzee wangu ndo watu wanapoliwa hela. Kuna kampuni zitakuja na mitungi zikupulizie mpaka ndani ya kuta, unalipa pesa ya maana, wanakufa kweli, halafu? Maiti zimebaki ndani ya ukuta, na watu wa kilimo wa chuo cha Penn State wanakuambia wazi kwamba maiti hizo zinaita vidudu vingine vinavyokula vitu vikavu, vikishamaliza mizoga vinahamia kwenye nguo zako za sufu na zulia. Na wale wa nje bado wanaingia. Mie msimamo wangu ni kwamba dawa ya ndani ni kutupa hela, vita vyote viko nje na viishe kabla Septemba haijaisha: unazunguka nyumba na silikoni ya kuzibia, kila ufa wa fremu, pale bomba linapotoboa ukuta, nyavu za madirisha zilizochanika unabadilisha, matundu ya hewa ya darini unayawekea wavu. Ukizungukia hivo na vipanya umevipunguza, maana kipanya cha kule kinapita kwenye tundu la milimita sita tu. Waliokwisha ingia unawafyonza na vakyumu, au usiku unaweka trei ya foili yenye maji na sabuni ya vyombo chini ya taa, wanajitumbukiza wenyewe.

Shangazi yeye akauliza swali la maana kuliko wanaume wote, "Kwani huko hakuna mijusi?" Wa ukutani hakuna shangazi! Huu ukuta wako wenye mijusi mitatu inayofanya kazi bure usiku kucha, kule haupo. Na stinkibagi alipohamia maadui zake wengi walibaki Asia, mpaka mwaka 2014 ndo akagundulika Maryland kinyigu mdogo kabisa wa kwao hukohuko anayetaga ndani ya mayai yake, naye alijileta mwenyewe bila kualikwa.

Nje ya nyumba nako ni harakati. Kindi wanafukia mbegu za mialoni moja moja kila kona ya bustani, na yale maboga watu wanayoyapanga mlangoni mwezi wa 10 kwa mapambo wanayatafuna mchana kweupe. Shangazi alilisikitikia boga kuliko habari za kindi, boga zima mlangoni na hakuna wa kulitia nazi. Kulungu ndo wa kuogopa, Oktoba na Novemba ni msimu wao wa kupandana, dume linamfukuza jike linakatiza barabara halioni gari, ukiendesha magharibi punguza mwendo na ukiona mmoja kapita jua kuna mwingine nyuma.

Kupe pia wasikudanganye, baridi ya mwanzo haiwaui, wakubwa wao wanatoka hasa kipindi hiki majani yanapodondoka na ndo wanaoleta ugonjwa wa Lyme, maambukizi ya bakteria anayotia kupe akikuuma, na Pennsylvania ni moja ya majimbo yenye wagonjwa wengi. Ukitoka kukusanya majani jikague mpaka nyuma ya magoti. Akishaganda mvute taratibu na kibano karibu na ngozi, mambo ya kumpaka mafuta ya taa kama tunavyofanyia mbwa huku acha, kwa kawaida anahitaji zaidi ya siku nzima ameganda ndo akuambukize, kwa hiyo cha muhimu ni kumuwahi.

Binamu yangu wa Makorora anakuja Pennsylvania Januari, anajisifu atakuta wote wamekufa na barafu. Binamu, hawajakufa, wamelala ukutani, ikitokea siku jua limewaka au hita imechemka sana wanadhani baridi imeisha wanatoka kukuzungukia taa. Usipige simu nyumbani usiku wa manane. Chukua vakyumu, na ule mfuko wake ukimaliza uutoe nje siku hiyohiyo.