Mbale ipo ardhini, fedha je?

Kampuni ya mgodi ikitangaza kwa mara ya tatu kwamba uzalishaji umesogezwa mbele, mwenye hisa chache hubaki anapima: auze kwa hasara, angoje, au aongeze nyingine kwa bei ya chini? Wengi hujibu kwa kutetea utajiri ulioko ardhini. Kwangu hapo ndipo hesabu inapopotea. Mara nyingi mbale, yaani mwamba wenye madini, ipo kweli. Kinachoisha kabla ya kuifikia ni fedha.

Mfano ninaourudia kila mara ni Sirius Minerals ya North Yorkshire, Uingereza. Ilikuwa na hazina kubwa ya polihalaiti, madini ya mbolea, iliyohitaji mashimo ya kina cha zaidi ya kilomita 1.5 na handaki la kilomita 37 la kuyapeleka hadi Teesside. Septemba 2019 ikasitisha mauzo ya hatifungani za dola milioni 500. Mauzo hayo ndiyo yaliyokuwa sharti la kufungua mkopo wa dola bilioni 2.5, kwa hiyo vyote viwili vikakwama pamoja. Mwaka 2020 kampuni kubwa ya madini ya Anglo American ikainunua kwa peni 5.5 kwa hisa, na wanahisa wadogo wapatao 85,000 wakapokea bei hiyo, wengi wao wakiwa wamenunua juu zaidi. Polihalaiti haikupungua hata kilo moja.

Basi kila robo mwaka anza na fedha taslimu. Igawe kwa matumizi ya robo iliyopita. Kampuni yenye dola milioni 18 inayotumia milioni 7 ina robo mbili na nusu. Australia fomu ya robo mwaka huiweka hesabu hii wazi, na kampuni ikibakiwa na chini ya robo mbili hulazimika kueleza itapata wapi nyingine. Lakini usiishie hapo, tazama pia madeni ya wakandarasi. Fedha inaweza kuonekana imetulia kwa sababu tu watu hawajalipwa.

Halafu mtambo. Picha ya mkuo wa kwanza wa dhahabu, yaani kipande kilichoyeyushwa na kumiminwa, huwafurahisha watu, lakini mkuo mmoja hausemi kitu kuhusu mwezi unaofuata. Chukua mtambo uliosanifiwa kusaga tani milioni 1 kwa mwaka, mwamba wenye gramu 2 za dhahabu kwa tani, na unaonasa asilimia 90 ya dhahabu. Hizo ni gramu milioni 1.8, karibu wakia 57,900. Sasa usage tani 800,000, mbale iwe na gramu 1.6, na unasaji uwe asilimia 82. Unabaki na wakia 33,700 hivi. Hakuna kilichoporomoka, kila kipimo kimeteleza kidogo tu, na mapato yamepungua kwa asilimia 42 huku mishahara, dizeli na riba vikibaki palepale.

Kuteleza kwenyewe kuna sababu za kawaida kabisa. Mwamba wa karibu na uso una udongo wa mfinyanzi. Ukilowa unanata kwenye mifereji ya kushushia mbale, kiponda mawe kinasimama, na kinu kilicho mbele yake kinakosa cha kusaga. Kinu kikizunguka bila mzigo wa kutosha, mipira ya chuma inagonga bamba za ndani badala ya kugonga mawe. Bamba zikipasuka, mpya huweza kuchukua miezi kufika. Mahali pengine chembe zinatakiwa zisagwe hadi maikroni 75 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) lakini zinatoka na 106, kwa hiyo sayanaidi, kemikali inayoyeyusha dhahabu, haiifikii dhahabu iliyofungiwa ndani. Au mwamba una kaboni yake ya asili, nayo inaidaka dhahabu iliyoyeyuka kabla ya mkaa wa mtambo uliowekwa kuinasa. La udongo hurekebishika kwa wiki kadhaa. La kaboni laweza kudai sehemu nzima mpya ya mtambo, na mimi taarifa isiyosema tatizo ni lipi naihesabu kuwa ni habari mbaya.

Mtambo unapochelewa, huja hisa mpya. Tuseme zipo hisa milioni 400, bei senti 10, na kampuni inahitaji dola milioni 20. Kwa punguzo la asilimia 20 itauza kwa senti 8, yaani hisa mpya milioni 250. Aliyekuwa na hisa 40,000 alimiliki asilimia 0.01. Ili abaki hapo anahitaji 25,000 zaidi, sawa na dola 2,000. Asipotoa, fungu lake linashuka hadi asilimia 0.006, hata kama baadaye mgodi utafanikiwa.

Kabla ya kutoa hizo 2,000, fungua waraka wa mauzo ya hisa hizo kwenye ukurasa wa matumizi ya fedha. Bei ya dhahabu na maneno ya mwenyekiti vinaweza kungoja. Kama kati ya milioni 20, milioni 12 zinakwenda kwa wakandarasi wanaodai na riba ya mkopeshaji, zilizobaki ni 8. Kwa matumizi ya milioni 7 kwa robo, hiyo ni miezi mitatu na nusu, pungufu kidogo, na bamba za kinu bado hazijafika.