Kengele ya Mionzi Mpakani

Wiki ya kwanza ya mafunzo ya wakufunzi imekwisha. Tumechanganyika polisi, forodha na uhamiaji, pamoja na wataalamu wa Tume ya Nguvu za Atomiki kutoka Njiro, Arusha. Tukirudi vituoni, kazi yetu ni kuwafundisha askari wa mipakani na bandarini kukamata madini na vyanzo vya mionzi vinavyopitishwa kinyemela.

Fizikia tunayoihitaji si nyingi, na ukiiona kwa macho haisahauliki. Tulitandika kamba sakafuni, tukaweka chanzo kidogo cha mafunzo mwanzoni mwake. Nusu mita, kipima kilisoma maikrosiviti (kizio cha kupimia mionzi) 8 kwa saa. Mita moja, 2. Ukizidisha umbali mara mbili, mionzi inabaki robo. Askari akilielewa hilo, woga wake unapungua na miguu yake inajua pa kusimama.

Kilichonigusa zaidi ni igizo la basi. Mwenzetu wa forodha aliigiza mama mtu mzima anayevuka mpaka. Kipima kikalia, na kijana aliyekishika akarudi nyuma, akapaza sauti abiria wote washuke. Mama huyo alikuwa ametibiwa tezi ya shingo kwa iodini-131, dawa ya mionzi ambayo nguvu yake hupungua kwa nusu kila siku 8, kwa hiyo mgonjwa anaweza kuliza mashine hata wiki kadhaa baadaye. Cheti cha hospitali kilikuwa mkobani. Hakuna aliyekiulizia.

Tukarudia. Dada mmoja wa uhamiaji akaanza hivi: "Shikamoo mama. Samahani, naomba tusogee pembeni kidogo." Akamuuliza taratibu kama ametoka hospitali siku za karibuni. Cheti kikatoka, mama akarudi kwenye kiti chake. Ndivyo ninavyotaka vijana wangu wafanye. Mgonjwa ana maumivu yake tayari. Serikali isimwongezee aibu mbele za watu.

Kengele nyingi ni za namna hiyo, au za vigae na mbolea ya potasiamu. Hapo ndipo ninapoona hatari: askari akizoea kengele inayolizwa na vigae kila siku, iko siku atakizima kifaa. Kengele ya nyutroni, chembe ambazo wagonjwa na vigae hawatoi, ni jambo jingine kabisa. Wahandisi wa barabara wana kipimo cha unyevu wa udongo chenye amerikiamu na beriliamu, nacho hutoa nyutroni, lakini husafiri na kibali. Kibali kisipokuwepo, mzigo haufunguliwi. Watu wanasogezwa mbali, wataalamu wanaitwa.

Jioni tulizungumzia Goiânia, Brazil, Septemba 1987. Waokota vyuma waliingia kliniki iliyotelekezwa, wakabomoa mashine ya kutibu saratani, wakaiuza kwa muuza chuma chakavu. Ndani mlikuwa na unga wa sesiamu-137, kitu chenye mionzi mikali, uliong'aa buluu gizani, na ndugu na majirani wakaitwa kuja kuutazama. Leide das Neves Ferreira, binti wa miaka 6, aliuchezea, kisha akala kwa mikono hiyo hiyo. Maria Gabriela, mke wa ndugu wa baba yake, ndiye aliyeshuku kwamba unga huo unawadhuru watu, akabeba mabaki ndani ya mfuko na kupanda basi hadi ofisi ya afya. Wote wawili walifariki siku moja. Waliokufa walikuwa 4, na watu 249 walikutwa na uchafu wa mionzi. Hapakuwa na mlanguzi hata mmoja katika habari hii. Kwa hiyo nitawapeleka askari wangu kwenye mizani ya chuma chakavu vilevile kama ninavyowapeleka kwenye kontena.

Kwetu wapo pia matapeli wa "zebaki nyekundu", kitu cha kubuni kinachodaiwa kuwa mali ya nyuklia, na wanaojidai kuuza urani. Wengi hawana kitu. Lakini kutoka Kinshasa fito za fueli ziliibwa kweli kwenye kinu cha nyuklia cha utafiti, na mmoja ukakamatwa Italia mwaka 1998. Mzigo upimwe kwanza. Kama ni utapeli, tutajua baadaye, na kielelezo kitakuwa salama kwa ajili ya mahakama.

Nimeshaandaa somo langu la Jumatatu. Nyumbani nitamwomba mkuu wa kituo akae darasani na askari wake, maana kengele ya nyutroni ikilia saa nane usiku, simu itapigwa kwake.