Mshahara wako wa sasa

Jana usiku nilikuwa najaza fomu ya kazi kwenye simu. Jina, shahada, uzoefu, vyote vikapita. Nikafika kwenye kisanduku kimoja: mshahara wako wa sasa. Hapo nikakwama.

Nimesoma utalii, nikamaliza 2020. Mwezi wa tatu vyuo vikafungwa kwa korona, Aprili ndege za nje zikazuiliwa, na hapa kwetu Paje, Unguja, ukipita ufukweni ni kunguru tu na vitanda vya jua vilivyopinduliwa. Mei anga ikafunguliwa, Juni tukarudi darasani. Wageni wao hawakuwa na haraka.

Nikarudi kwenye mwani na mama. Siku za bamvua, maji yakikupwa, tunashuka na kamba, tunafunga vitawi kimoja kimoja hadi vidole vinachonyota kwa chumvi. Mama ananitania, "Haya msomi, hesabu kamba." Nahesabu kweli.

Mwaka uliofuata nikapata kazi dukani Mji Mkongwe, laki mbili kwa mwezi. Nikaidaka bila hata kuuliza nauli. Tangu hapo nimehama mara mbili, na kila ninapokwenda naulizwa, "Ulikuwa unalipwa ngapi?" Wanaongeza kidogo juu yake, wanajiona wamenifadhili. Mtoto wa mama mdogo kamaliza shahada ile ile 2022, hoteli zishaanza kujaa. Kaanzia laki tano. Sina kinyongo naye (labda kidogo).

Kuna utafiti wa Kanada uliofuatilia wanaume waliomaliza vyuo kati ya 1976 na 1995. Waliotoka uchumi ukiwa umedorora walianza na kipato pungufu kwa kama asilimia 9. Baada ya miaka 5 pengo limebaki nusu, na ikifika 10 limefutika. Kilichowaokoa ni kuhama: unaanza kwa mwajiri mdogo, unapanda kwa mkubwa. Sawa, Kanada ni pana. Hapa kisiwani utahama mara ngapi kabla hujajikuta kwa shemeji yake yule yule uliyemkimbia?

Nami hesabu yangu ya miaka 10 inaishia 2030.

Nikakiacha kisanduku wazi, nikabonyeza. Fomu ikagoma, kikawa chekundu. Nalipwa laki nne na nusu.

Nimeandika laki sita.