Wananiita Mkono wa Birika

Juzi nikitoka sokoni nilipanda bodaboda ya kijana ambaye karo yake niliipokea mimi mwenyewe pale dirishani, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne. Hatujafika hata kwenye daraja akaniuliza, "Mama, tumesikia unakitaka kiti cha MCA, cha kutuwakilisha wadi yetu katika bunge la kaunti. Sasa wewe utatupa nini?"

Nikamwambia, "Nitawalipia madeni."

"Madeni ya nani?"

"Ya kaunti. Babako si alichimba ule msingi wa darasa la chekechea? Alilipwa?"

Akanyamaza. Tulipofika kwangu alizima pikipiki, akasema kwa upole kabisa, kama mtu anayemwonya mzazi wake: "Mama, kwa maneno hayo watakuita mkono wa birika."

Washaniita, nikamwambia. Mwanangu, washaniita zamani.

Kwa hiyo naandika hapa, kwa sababu barabarani mtu hapati nafasi ya kueleza. Nimetangaza kwamba Agosti 2027 nitasimama dhidi ya mwakilishi wetu wa sasa. Sina ugomvi naye, tumezikana na tumeozeshana. Ugomvi wangu ni na jinsi pesa za umma zinavyopangwa na kutumiwa, na jinsi sisi wapiga kura tunavyoshangilia.

Nilikuwa karani wa hesabu katika shule ya sekondari kwa miaka 31. Nilianza kazi muda mfupi kabla ya mwaka 1993, na yeyote aliyekuwa na mshahara mwaka ule anajua nasema nini. Uchaguzi wa 1992 ulipokwisha, pesa zilikuwa zimemwagwa nchini Kenya bila kipimo. Mwaka uliofuata bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40. Mshahara wangu ulikuwa uleule, bahasha ileile, lakini mwisho wa mwaka haukununua hata robo tatu ya kapu la mwanzo wa mwaka. Wakubwa hawakuumia, kwa sababu wao wana mashamba na majumba. Aliyeumia ni mwenye bahasha. Tangu siku zile, mtu akiniambia serikali inatoa pesa, jambo la kwanza ninalouliza ni imezitoa wapi.

Kama huko ni kuwa mhafidhina, basi mimi ni mhafidhina, na silionei haya jina hilo. Nililelewa na bibi aliyetundika mahindi ya mbegu darini, juu ya meko, moshi uzuie dumuzi. Kuna mwaka njaa ilituuma hadi tukala mizizi, na yale mahindi yakabaki juu ya vichwa vyetu tunayatazama. Hakuyagusa. Mvua iliponyesha tukapanda siku ya kwanza, na majirani waliokuwa wamekula mbegu wakaja kuomba kwetu.

Sasa nieleze inavyokwenda huku kwenye kaunti, kwa sababu watu wengi wanadhani shida yote ni wizi. Wizi upo, na wezi wafungwe. Lakini kuna jambo jingine ambalo si wizi kwa sheria, linafanyika mchana peupe, na limefunga maduka mengi zaidi.

Bajeti ya kaunti lazima ilingane: matumizi yasipite mapato. Mapato makubwa yanatoka Nairobi, ule mgao ambao Katiba inasema usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Mwaka wa fedha wa 2025/26 kaunti zote 47 zilitengewa shilingi bilioni 415. Kiasi hicho hakiwezi kupigiwa porojo, kinajulikana. Kinachobaki ni mapato ya ndani: leseni, ada za soko, kodi ya ardhi, maegesho. Na hapo ndipo kalamu inapochezewa. Wanasiasa wana orodha ndefu ya miradi kuliko pesa. Badala ya kukata miradi, makadirio ya mapato ya ndani yanapandishwa. Karatasini bajeti inalingana vizuri. Msimamizi wa Bajeti amelisema jambo hili katika ripoti zake mara nyingi, kaunti baada ya kaunti: wanakadiria mengi, wanakusanya machache, na kandarasi zimeshatiwa saini.

Nitawapa mfano wa kwetu shuleni. Tuseme nina wanafunzi 400, lakini nikaandika kitabuni kwamba nitapokea karo ya 600. Kisha nikaagiza unga, maharage na kuni za watu 600. Mpaka muhula wa pili nitakuwa na bohari limejaa na msururu wa watu mlangoni wanaodai. Sijaiba hata senti. Lakini mwenye maharage amekopa ili aniletee, na mtoto wake amefukuzwa shule nyingine kwa kukosa karo. Mimi nimemwibia kwa hesabu.

Mwenye maharage, kwa upande wetu, alikuwa mume wangu.

Baba Salim alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, milango miwili tu. Mwaka 2016 kaunti yetu, jina sitalitaja, ilimpa hati ya kuagiza bidhaa, ile LPO, kwa ajili ya zahanati: simiti mifuko 340, mabati 96, misumari, mbao. Alifurahi hadi akanunua nyama. Alichukua mkopo katika SACCO, akapeleka vitu kwa safari tatu, na kila safari mtu wa stoo alitia saini na muhuri. Jengo likakamilika. Kisha tukaanza kungoja.

Hati ile ninayo mpaka leo, ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na cheti chetu cha ndoa. Nyuma yake ameandika kwa penseli tarehe za safari alizofanya makao makuu kufuatilia malipo. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, wa kubana karatasi. Ziko tarehe 23. Kando ya baadhi ya tarehe ameandika alichoambiwa: "faili iko juu", "mhasibu yuko semina", "Nairobi hawajatuma", "njoo baada ya bajeti ya ziada". Baada ya uchaguzi wa 2017 utawala mpya ukaunda kamati ya kuhakiki madeni, akapeleka karatasi upya. Mwaka 2019 akalipwa karibu nusu. Wakati huo pikapu ilikuwa imeshauzwa na riba ya SACCO imeshakula faida na mtaji. Alifariki 2021. Baada ya uchaguzi wa 2022 ikaja kamati nyingine ya kuhakiki, na hiyo nikaiendea mimi.

Nimeipita zahanati ile Jumatatu. Mabati yetu yapo, yameanza kupauka upande wa machweo. Kina mama walikuwa wamekaa chini yake na watoto wao wakingoja chanjo. Nilifurahi kuwaona wamekaa kivulini, Mungu ananijua. Huduma ile ilikuwa ya lazima. Lakini mwaka huohuo ambao deni lile halikulipwa, bajeti ilikuwa na fungu la safari za kujifunza nje ya nchi, fungu la ukarimu, na miradi mipya iliyozinduliwa kwa tarumbeta. Mtu mmoja aliketi na kuamua kwamba chai ya wageni ilipwe kwanza na simiti ya Baba Salim ingoje. Uamuzi huo uliandikwa kwenye kitabu cha bajeti, ukapitishwa na waheshimiwa kwa sauti ya "ndiyo".

Huo ndio uamuzi ninaotaka niwepo ukumbini siku ukija tena.

Nchi nzima inaishi hivyohivyo, kwa kipimo kikubwa zaidi. Mwaka 2013 deni la taifa lilikuwa halijafika shilingi trilioni 2. Leo limepita trilioni 11. Mwaka 2014 tulikopa dola bilioni 2 kwa Eurobond ya kwanza, yaani hati za mkopo zinazouzwa kwa wawekezaji wa nje, na bilioni 1.5 kati ya hizo zilikuwa za miaka 10 kwa riba ya asilimia 6.875. Dola moja wakati huo ilikuwa chini ya shilingi 90. Muda wa kulipa ulipokaribia, Januari 2024, dola ilikuwa inagonga shilingi 160. Tukaingia sokoni Februari na kukopa dola bilioni 1.5 nyingine kwa riba ya asilimia 9.75, ili kuondoa ile ya zamani. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Hapa tumekopa matanga ili tulipe harusi.

Ikaja Juni mwaka huohuo na ule mswada wa fedha wa kuongeza kodi, na vijana wakaandamana. Nilikuwa nyumbani tarehe 25 nikitazama televisheni, mwanangu mdogo yuko Nairobi, simu yake haipatikani kwa saa sita. Aliporudi hewani nilishindwa kusema neno. Wapo wazazi ambao simu za watoto wao hazikurudi hewani tena. Kesho yake Rais akakataa kuutia saini mswada. Na Julai 5 serikali ileile ikatangaza kwamba mashirika 47 ya umma yenye kazi zinazoingiliana yatavunjwa, na kwamba bajeti za ofisi za wake wa viongozi zinaondolewa. Nilisikiliza hotuba ile nikiwa nimesimama. Kama vilikuwa vitu vya kukatwa Julai, vilikuwa vitu vya kukatwa Machi, kabla ya kumwendea mwananchi kumwambia aongeze kodi. Hasira yangu juu ya jambo hilo haijapoa na sitaki ipoe.

Kuna rafiki yangu, mwalimu mstaafu wa uchumi, tunabishana kila Ijumaa baada ya swala. Yeye ananiambia serikali si kaya. Ananiambia: Bi, kaunti ikibana mkono, soko lote linalala, kwa sababu hapa kwetu mwajiri mkubwa ni kaunti. Amesema kweli, na simpingi kwa hilo. Mishahara ya kaunti ikichelewa miezi miwili, muuza samaki wangu hurudi na ndoo imejaa. Pia ni kweli kwamba Hazina ya Taifa huchelewesha mgao, na kaunti hulaumiwa kwa kosa lisilo lake. Sitaki watu wa makao makuu waseme nimewaonea.

Lakini mimi sisemi tusitumie. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeshasema yote ninayoyasema: angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, mikopo iwe ya maendeleo tu. Kanuni za 2015 zikaongeza kwamba mishahara na marupurupu yasipite asilimia 35 ya mapato. Kukopa ili ujenge kitu kitakachodumu kuliko mkopo, huko nakukubali, hata bibi yangu angekukubali. Kinachonitoa machozi ni kuagiza kwa fundi na mwenye duka ukijua pesa hazipo. Huko ni kukopa pia. Tofauti ni kwamba benki hukubali mkopo wake na kulipwa riba. Baba Salim hakuulizwa, na riba alilipa yeye.

Na zile pesa inazodaiwa serikali na wafanyabiashara wadogo zingekuwa zimeshazunguka sokoni. Mwalimu wangu wa uchumi akitaka soko liamke, dawa ya deni ni kulipa. Hapo ananyamaza kidogo, kisha ananiongeza kahawa.

Mnaniuliza basi nitafanya nini. MCA hana mfuko wa pesa, na anayewaambia anao anawadanganya. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kuwakilisha wadi na kuisimamia serikali ya gavana. Silaha yake kubwa ni bajeti. Ikifika mwisho wa Februari, karatasi ya mikakati ya fedha huletwa bungeni. Ikifika mwisho wa Aprili, makadirio huletwa. Nitauliza, katika kila kikao, mapato ya ndani ya mwaka jana yalikuwa kiasi gani hasa, yale yaliyoingia benki. Makadirio yakipanda juu ya hapo bila sababu inayoshikika, nitapiga kura ya hapana, hata kama ndani ya kitabu hicho kuna barabara ya wadi yangu. Najua maana ya sentensi hiyo. Nimeiandika nikijua.

Sitapitisha mradi mpya wa jengo wakati wadi ina majengo mawili bila paa. Safari za kwenda kujifunza Singapore nitazipinga, zangu zikiwemo. Basari sitaipunguza, ila nitataka orodha ya majina ibandikwe, kwa sababu nimekaa dirishani miaka 31 na najua nani alikuwa analia na nani alikuwa anashuka kwenye gari.

Na sitatoa pesa za kampeni mkononi. Wiki iliyopita akina mama wa kikundi kimoja walinialika, tukaimba, tukala wali wa nazi, kisha mwenyekiti akasimama akasema "mgeni hatoki mikono mitupu." Nilichanga shilingi 200, kiasi kilekile wanachochanga wao. Ukumbi ulipoa. Mmoja alinifuata nje akaniambia, si kwa ubaya, kwamba mwenzangu huwaachia elfu 20. Nikamuuliza anadhani mwenzangu huyo anazirudisha vipi. Akasema, "Hayo tunayajua, Bi. Lakini leo jioni tuna njaa." Sikuwa na jibu la haraka. Tulisimama pale tukishikana mikono mpaka giza likaingia, kisha nikamsindikiza kwao.

Hoja yangu ya kwanza bungeni nimeshaiandika kwa mkono. Inaitaka kaunti ichapishe kila deni lililohakikiwa, jina la anayedai, kiasi, na tarehe aliyoleta mali, na orodha ibandikwe kwenye ukuta wa ofisi ya kila wadi, ilipwe kuanzia la zamani zaidi kabla ya mradi wowote mpya. Nimekaa na wanangu watatu tukalizungumza deni la baba yao, kwa sababu sitaki mtu aseme nagombea ili nijilipe. Wamekubali. Nikichaguliwa, jina la Baba Salim litaandikwa mwisho wa orodha, na litalipwa baada ya yote yaliyo juu yake.