Bado napaka manukato ya Old Spice

Kijana mmoja kazini aliniambia nanukia kama babu yake, wenzake wakacheka. Iliniuma, maana najali sana watu wananionaje.

Lakini Old Spice siiachi. Ya wanaume ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1938, na ile merikebu ya matanga kwenye chupa. Ukiituliza puani unakuta karafuu na mdalasini. Kwa sisi tuliokulia Unguja, tukiruka majamvi ya karafuu zilizoanikwa, hiyo ni harufu ya kwetu kabisa! Brut nayo, ya 1964, ina lavenda na ubichi fulani wa msituni; ni ya ukoo wa manukato ulioanzia Ufaransa kwa chupa iitwayo Fougère Royale mwaka 1882. Bei yake ndogo haiifanyi kuwa takataka.

Ninachojali ni kipimo. Joto letu huikuza harufu, kwa hiyo matone machache shingoni yanatosha. Aliyebanana nami kwenye daladala ana haki ya kupumua. Ila umri wa chupa au bei yake, hapo simsikilizi mtu.

Nani mwingine bado anazipaka? Na Tabac ya Wajerumani, kuna aliyeiona Kariakoo siku hizi?